Kifua tunakikinga, masikio tunayaacha

Alfajiri, kwenye vijiwe vya bodaboda kando ya barabara ya Morogoro, utawakuta madereva wamevaa makoti kinyumenyume, zipu iko mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Wapo wanaochomeka kipande cha boksi chini ya shati. Mwingine amejizungushia kitenge shingoni. Wamekua wakiambiwa kwamba upepo wa pikipiki huleta kifua, na kila mmoja amejikinga kwa alichonacho.

Masikio hayamo katika hesabu hiyo. Hakuna mzazi aliyemwonya mwanawe kuyahusu, muuzaji wa pikipiki hayataji, na kwenye mafunzo ya udereva somo ni alama za barabarani, breki na helmeti. Matokeo yake tuna maelfu ya vijana wanaoshinda kutwa, mwaka baada ya mwaka, ndani ya kelele ambayo kiwandani ingelazimisha mwajiri kuwapa kinga. Leo nataka kuyasemea masikio hayo. Mtu yeyote anayepanda pikipiki kwenye barabara kuu anapaswa kuziba masikio kila safari, na kifaa cha kuzibia akihesabu kuwa haki yake kama anavyohesabu helmeti.

Tukizungumzia kelele za pikipiki, lawama huenda kwenye ekzosi. Ni kweli wapo wanaoitoboa makusudi ili mtaa mzima ujue wamepita, na majirani wana haki ya kukasirika. Lakini ukishavuka mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa, sauti inayolipiga sikio la dereva kwa nguvu kuliko zote ni ya upepo. Upepo ukigonga helmeti huchanika, ukazunguka chini ya kidevu na pembeni ya shingo, na mngurumo wake ukaingia ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza walikivisha helmeti kichwa cha sanamu, wakakipulizia upepo maabara, wakaona kwamba eneo la chini ya helmeti, pale kidevuni, ni chanzo kikubwa cha kelele hiyo. Helmeti imetengenezwa kulinda fuvu. Sauti nyembamba inazipunguza kiasi, ila mngurumo mzito wa upepo inauacha upite, na hata ya bei kubwa haikuponyi. Sasa fikiria hizi zetu za nusu kichwa, zilizolegea kwa sababu zimevaliwa na abiria wa kila ukubwa, mkanda umekatika, zinachezacheza kichwani pikipiki ikishika kasi.

Vipimo vilivyofanywa ndani ya helmeti katika nchi mbalimbali vinaelekeana. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa kelele hufika desibeli 90 au zaidi, na ukikaribia 110 au 120 inazunguka kwenye 100. Namba hizi zinahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa desibeli hazipandi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu. Ndiyo maana taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 91 unabaki na saa 2. Kwenye 97 ni nusu saa. Kwenye 100 ni dakika 15. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa pikipiki, au Nairobi kwenda Mombasa, anaweza kumaliza kipimo cha siku nzima kabla hajaiona nusu ya safari, kisha anaendelea.

Daktari Andrew McCombe, bingwa wa masikio wa Uingereza, alilifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1990 akiwapima waendesha pikipiki, wakiwemo wanaoshindana kwenye mbio za Grand Prix. Aliwakuta wengine usikivu wao umeharibika kuliko ulivyotarajiwa kwa umri wao. Wale walikuwa na helmeti bora na timu zenye fedha. Kilichowaumiza ni upepo uleule unaovuma Chalinze na Mtito Andei.

Madhara yenyewe yanaingia kimya kimya. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande, na kazi yake ni kuigeuza mitetemo ya sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele ikizidi zinachoka. Ndiyo ile hali ya kushuka kwenye pikipiki baada ya safari ndefu ukaona watu wanaongea chinichini, na usiku ukilala unasikia mlio mwembamba masikioni wakati chumba kimetulia. Kesho yake hali inarudi, au ndivyo unavyodhani. Ukirudia kuzichosha, zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, na kifaa cha kusaidia kusikia kinakuza sauti tu, hakiwezi kufufua kilichokufa.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, zile za karibu na hezi 4,000. Humo ndimo zinamokaa s, sh, f na t za maneno yetu. Kwa hiyo mtu hawi kiziwi kwa siku moja. Anasikia kwamba unaongea, ila hapati maneno. Mkewe anamwona amekuwa mkali, watoto wanajifunza kupaza sauti, simu anaiweka spika mbele za watu, abiria anataja mahali anakokwenda mara tatu. Wengi wanasema ni uzee. Dereva wa miaka 35 hajazeeka.

Nilipowahi kuligusia suala hili kwenye kijiwe kimoja, kijana mmoja aliuliza swali ambalo wote walikuwa nalo: "Mzee, nikijiziba masikio si nitagongwa na lori?" Ni swali la msingi, na mtu asiyelijibu vizuri hana haki ya kuwauzia wenzake vizibo.

Jibu linategemea mwendo. Mjini, kwenye foleni ya kilomita 30 kwa saa, upepo si tatizo, na dereva anahitaji kusikia honi, kelele za konda na mtoto anayeita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara. Huko simlazimishi mtu kuziba. Barabara kuu ni jambo jingine. Pale upepo umekwisha kuizamisha honi. Dereva asiyeziba hasikii vizuri kama anavyodhani. Kizibo kinapunguza upepo na honi kwa pamoja, hivyo honi iliyokuwa na nguvu kushinda upepo bado inasikika, tena kwa sikio lisilolemewa. Walioanza kuvitumia hushangaa kwamba injini yao wanaisikia safi zaidi, hata mnyororo uliolegea wanautambua. Wanafika pia hawajachoka sana, kwa kuwa mngurumo wa saa nzima unamaliza nguvu na umakini wa mtu bila yeye kujua. Kisha kuna vioo vya pembeni. Vijana wengi huving'oa ili wapenye kati ya magari. Anayeogopa lori la nyuma avirudishe vioo kwanza, kwa kuwa kwenye kilomita 80 kwa saa jicho litamwambia habari za lori mapema kuliko sikio, lizibwe lisizibwe.

Basi tuje kwenye kuchagua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hujaribu mara moja, wakaumia au wasione tofauti, wakaacha.

Vinavyopatikana kirahisi ni vya sponji laini, vile vya manjano au vya rangi ya machungwa wanavyovaa mafundi viwandani na wachimbaji kwenye migodi mikubwa. Maduka ya vifaa vya usalama kazini huviuza kwa jozi au kwa boksi, na kwa boksi jozi moja hushuka hadi chini ya bei ya soda. Kwa upepo wa barabara kuu, sponji iliyoingia vizuri ndiyo chaguo langu la kwanza, kwani inazuia mngurumo mzito ambao vizibo vingi vingine huuachia njia. Kwenye boksi utaona namba: kwa vipimo vya Ulaya imeandikwa SNR, kwa vya Marekani NRR. Vile vyenye uwezo mkubwa kabisa hufika SNR 37 au NRR 33. Namba hizo zimepatikana maabara, kizibo kikiwa kimevalishwa kwa uangalifu. Barabarani tarajia nusu, na si kwa sababu mtengenezaji ni mwongo. Ni kwa sababu sisi tunavivaa vibaya. Hata hiyo nusu inatosha: ukitoa desibeli 15 au 18 kwenye 100, umerudi kwenye 85 au chini yake.

Kwa hiyo usinunue kwa kushindanisha namba. Angalia kwanza kama kizibo kinaenea kwenye sikio lako. Masikio hayalingani, na kwa baadhi ya watu hata la kulia na la kushoto yana matundu ya ukubwa tofauti. Mwenye tundu jembamba akijisukumia sponji nene ataumia baada ya nusu saa na kuitupa. Zipo ndogo, aziulizie. La pili ni helmeti. Kizibo kinachochomoza nje ya sikio hubanwa na sponji ya ndani ya helmeti, kikasukumwa na kuuma, au kikavutwa helmeti inapovaliwa na kuanza kutoka taratibu. Vile vya plastiki laini vyenye ngazi tatu na kishikio kirefu ni vizuri kwa fundi wa kinu cha kusaga, lakini chini ya helmeti inayobana havifai. Chagua kifupi, ambacho kikishaingia hakipiti ukingo wa tundu. Vyenye kamba navyo viache. Kamba hunasa kwenye mkanda wa kidevu.

Kuvivaa ni kazi ya dakika moja, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Nawa mikono, kwani mafuta ya mnyororo hayatakiwi sikioni. Shika sponji kwa vidole na uibiringishe polepole hadi iwe nyembamba na nyoofu, bila mikunjo. Usiifinye tu ukaibonda, kwa sababu kila mkunjo ni mfereji wa kupitisha sauti. Kama ni sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nje. Njia ya sikio imepinda, na kulivuta hivyo kunainyoosha. Ingiza sponji kwa mkono wa kulia, iache kidole kimeigusa kwa sekunde 30 huku inavimba. Ukiiachia mapema inarudi nje. Ikikaa sawa utaisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito, kana kwamba unaongea ndani ya mtungi. Jaribio jingine ni kufunika masikio kwa viganja: ukiona kelele za nje zimepungua sana, ujue sponji haijaingia, irudie. Kisha ndipo uvae helmeti, polepole, na kitambaa chako shingoni ukipandishe hadi chini ya kidevu, maana kinapunguza upepo unaopanda kutoka chini. Wakati wa kutoa, zungusha kwanza ndipo uvute. Kuchomoa kwa ghafla kunaumiza ngoma ya sikio.

Sponji si ya kudumu. Ikichafuka, ikikauka au ikikataa kuvimba, itupe. Kuazimana usifanye hata na ndugu.

Aina ya pili ni vizibo vyenye kichujio, vya plastiki laini, ambavyo hupunguza sauti nyembamba na nzito kwa kiwango kinachokaribiana. Sponji hukata zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo maneno na honi ndogo hupotea kidogo zaidi. Vya kichujio huacha mazungumzo yaeleweke, ndiyo maana wanamuziki huvipenda. Anayechanganya safari za mjini na za nje ya mji, mwenye abiria wa kuongea naye, atavifurahia, mradi avichague vifupi. Ni ghali kuliko sponji ila vinaoshwa na kutumika muda mrefu. Vipo pia vya kutengenezwa kwa umbo la sikio lako mwenyewe: mtaalamu wa usikivu humimina silikoni sikioni, ikaganda, ikawa kielelezo. Hivyo havichomozi, na helmeti haivigusi. Kwa askari wa pikipiki wa misafara au mtu anayesafiri mikoani kila wiki, gharama yake inalipa. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, sponji inatosha kabisa, na nisingependa asubiri kitu bora akikosa hiki kilichopo.

Pamba haimo katika orodha yangu. Najua ndiyo wengi wanayoikimbilia, lakini inapunguza desibeli chache tu, na nyuzi zake hubaki ndani. Karatasi laini ni hivyohivyo. Hatari zaidi ni hedifoni. Kijana anaweka muziki ili asisikie upepo, na kwa kuwa upepo una nguvu inambidi aupandishe muziki juu yake; sikio linabeba vyote viwili, na honi imepotea kabisa. Ile tabia ya kuchomeka simu kati ya helmeti na shavu ili kuongea na mteja njiani ni ya namna hiyohiyo: sauti ya simu imewekwa mwisho, imegusa sikio, na mkono mmoja uko tayari kuidaka ikidondoka.

Kuna wasiopaswa kuziba kabla ya kumwona daktari. Mwenye sikio linalotoa usaha, mwenye ngoma iliyotoboka, mwenye maumivu, mwenye nta iliyoganda ambayo kizibo kitaisukuma ndani zaidi. Mtu ambaye usikivu wake umeshapungua sana naye apimwe kwanza, kwani kizibo kinaweza kumwondolea hata kile kidogo anachokitegemea barabarani.

Jambo linaloniumiza ni hili. Kenya ina kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinazokataza mfanyakazi kukaa kwenye desibeli 90 zaidi ya saa 8 katika siku. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Fundi wa kiwandani akipelekwa penye mashine bila kinga, mkaguzi ana pa kumshika mwajiri. Dereva wa bodaboda anapata kelele ileile au zaidi, lakini mahali pake pa kazi ni barabara, na bosi wake mara nyingi ni mtu anayesubiri hesabu tu, au ni mkataba wa kulipia pikipiki hadi iwe yake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2010 zilizoitambua pikipiki kuwa usafiri wa abiria ziliingiza helmeti katika masharti ya kazi hii, na ni sahihi kabisa; masikio nayo yanastahili vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni nchi zetu hizi, ambamo pikipiki imekuwa ajira kubwa ya vijana na wataalamu wa masikio wako wachache, wengi wao kwenye miji mikubwa.

Sisubiri sheria mpya ili jambo hili lianze. Kampuni zinazowavalisha vijana makoti yenye nembo na kuwatuma na vifurushi na chakula zina uwezo wa kuwapa vizibo kesho asubuhi, na zina wajibu huo hata kama mkataba unawaita washirika badala ya wafanyakazi. Muuzaji anayempa mteja helmeti mbili na pikipiki mpya aweke na jozi kadhaa za sponji. Jeshi la polisi lianze na askari wake wa pikipiki. Halmashauri zinazoadhimisha Siku ya Usikivu Duniani kila tarehe 3 Machi zipeleke vipimo vijiweni, kwa sababu dereva hawezi kuacha siku ya hesabu akapange foleni hospitali kwa sikio lisilouma.

Na mwenyekiti wa kijiwe unayesoma hapa, usingoje hata hao. Liingize suala hili kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho: mfuko wa chama ununue boksi moja la jozi 200, za ukubwa wa kati na ndogo, na mmoja wenu aonyeshe wenzake namna ya kulivuta sikio na kuhesabu zile sekunde 30. Anzeni na wanaokwenda safari za mikoani.